Umepata boti? Basi fikiria na banda lake mapema

Habari wadau. Naona vikundi vingi saivi vya huku pwani na hata kule ziwani vinapata boti za mkopo, picha za siku ya kukabidhiwa ni nzuri, watu wamevaa jaketi okozi mpya kila mtu anacheka, na mi nafurahi kwa kweli. Ila kila nikiona najiuliza kitu kimoja tu, hiyo boti italala wapi? Maana sisi tulipata boti hatuna banda, na hasara karibu zote za mwaka wa kwanza hazikutokea baharini, zilitokea nchi kavu, chombo kimetulia mchangani hakifanyi kitu. Ndo maana nimeona niandike hii, mwenye mpango wa boti asome kabla hajatoa hela.

Kijiji chetu kipo kati ya Tanga mjini na Pangani. Sisi ni kikundi cha vijana, wanaume wengi ni wavuvi, sisi wanawake tunalima mwani, na mimi ndo mhazini kwa hiyo haya ya hela nayajua vizuri. Tulichukua ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, kwenye lile fungu la 4 la vijana (4 nyingine ni ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu). Hauna riba, lakini marejesho ni marejesho, tarehe ikifika imefika hata kama bahari imechafuka wiki tatu. Tukanunua boti ya faiba ya mtumba yenye urefu wa kama mita 7, na mashine ya Yamaha hp 15. Mwenzetu mmoja akatoa na dau la mbao la marehemu baba yake liwe la kikundi. Kwenye andiko la mradi tuliweka boti, mashine, nyavu, mafuta ya kuanzia, leseni, majaketi. Banda halikuwemo hata mstari mmoja na hakuna aliyeuliza, sio sisi wala waliopitia lile andiko.

Sasa sikia kilichotokea. Tulianza kipindi cha kaskazi, ule mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, jua la huku mnalijua. Boti ikawa inashinda juani siku ambazo haijatoka, na siku hizo ni nyingi kuliko mtu anavodhani, kuna bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wavu hautegeki vizuri, kuna mashine kuharibika, kuna msiba, kuna Ijumaa. Baada ya muda ile ngozi ya juu ya faiba ikaanza kutoa unga, ukipitisha kiganja kinarudi cheupe, alafu vinyufa vidogo vikaonekana kwenye ukingo. Dau ndo lilikuwa baya zaidi. Mbao ikikauka sana inasinyaa, zile ungio zinaachana, pamba ya kalafati, ile inayozibwa kwenye ungio maji yasiingie, inalegea inaanza kuning'inia nje. Tulivyolishusha majini vijana walishinda wanafua maji, yaani kuyatoa ndani ya chombo, badala ya kuvua samaki.

Mashine sasa. Kila jioni kijana mmoja anaibeba begani kwenda nayo kwake maana hakuna pa kuifungia, akichoka anailaza mchangani, mchanga unaingia. Na maji baridi ya kuisuuza yalikuwa mbali kwa hiyo kuna siku inasuuzwa na kuna siku hapana. Chumvi ikajijenga taratibu kwenye njia za maji ya kupoozea, siku moja ile tundu ya nyuma inayorusha maji ikawa inadondosha matone tu, hawakuona, wakaenda hivo hivo mpaka ikashika. Fundi alivyoifungua, impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoozea, ilikuwa imeyeyuka pembe zote. Laki 4 na nusu. Wiki mbili baadae usiku wakaiba tanki la mafuta na mpira wake lililoachwa ndani ya boti, laki 2 na nusu nyingine. Nikajumlisha na kukarabati dau laki 3, na kuipiga boti faiba na rangi upya laki 6, nikapata milioni 1 na laki 6 ambayo haipo kwenye mpango wowote. Siku hiyo nililia kwa kweli, nililia nikiwa na daftari mkononi, maana marejesho ya mwezi huo sikujua yanatoka wapi.

Kikao kilichofuata kilikuwa kikali. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumlaumu. Aliyetutuliza ni fundi wa vyombo, babu mmoja ambaye ndo alikuwa anatutengenezea lile dau, wala hakuwa mwanakikundi, alikuwa amekaa pembeni anavuta tasbihi yake. Nikamwambia babu na wewe tusaidie. Akasema, "Mwanangu, chombo hakichakai kwa kwenda, kinachakaa kwa kukaa vibaya. Nyie mmenunua mguu hamjanunua nyumba." Alafu akaeleza kwamba zamani kila diko, yaani pale vyombo vinapotua ufukweni, lilikuwa na banda la makuti, vyombo vinapandishwa wakati wa masika na kusi kali, ule upepo wa kusini, na wazee wanashinda humo wanashona, wanakalafati, wanasubiri upepo ugeuke. Alisema hakumbuki lini yaliisha, anachokumbuka ni kwamba vyombo vilidumu.

Basi tukakubaliana kujenga. Hapa ndo nataka mtu asome taratibu.

Kitu cha kwanza ni wapi. Kila mvuvi anataka banda liwe karibu na maji kwa sababu kuvuta boti ni kazi nzito, hilo halina ubishi. Lakini ukienda kupima kipindi cha maji mafu, siku ambazo maji hayapandi sana, utajidanganya. Huku kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inazidi mita 3, na bamvua zenyewe hazilingani, zile za mwezi wa tatu mpaka wa nne na za mwezi wa tisa mpaka wa kumi ndo zinapanda zaidi. Jirani zetu wa diko la pili walichimba nguzo zao wiki ya maji mafu, pazuri kabisa, pakavu. Bamvua la mwezi wa nne likaja na upepo wa kusi nyuma yake, mchanga wa chini ya nguzo ukalika, banda likainama likaja kuangushwa na wenyewe kabla halijaangukia chombo. Babu alitufanya tusubiri. Alituambia tuje mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, tuchomeke vijiti pale yanapoishia. Tukafanya hivo bamvua kadhaa, tukachukua kijiti cha juu kabisa, alafu tukapanda tena hatua nyingi mpaka pale mlakasa, ule mmea wa ufukweni, unapoanza kutambaa kwa wingi. Akasema mlakasa haujengi nyumba mahali panapooshwa. Pia usimtegemee mzee peke yake, Mamlaka ya Bandari inatoa majedwali ya maji kujaa na kupwa kila mwaka, ukipata ya bandari iliyo karibu yako unaona kabisa siku gani maji yatapanda sana, na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri wa upepo na mawimbi kila siku.

Cha pili ni sheria, na hiki kilituuma. Mwenyekiti wetu alikuwa na picha kichwani ya banda la tofali, sakafu ya zege, njia ya zege ya kutelezeshea boti mpaka majini. Tukanunua tofali na saruji kwa kuanzia. Kabla hatujachimba msingi afisa mazingira akapita, akatuambia simameni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hii inahusu bahari, ziwa, mto na mabwawa, kwa hiyo ndugu zangu wa Mwanza na Kigoma na nyie imo. Wengine walinuna lakini mimi nilimshukuru, angekuja baada ya msingi tungevunja. Tofali tuliziuza kwa hasara na saruji mifuko mitatu iliganda kwa unyevu. Baada ya hapo tukaenda kwa utaratibu, serikali ya kijiji, BMU (kile kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi wa ufukweni), afisa uvuvi, afisa mazingira, tukaeleza kwamba tunataka banda la nguzo na makuti lisilo na msingi wa zege, linalofumuka siku yoyote likitakiwa, la matumizi ya diko. Muhtasari wa mkutano wa kijiji ndo karatasi muhimu kuliko zote, hakikisha una nakala yako yenye mhuri. Ilichukua muda mrefu na nauli nyingi za kwenda na kurudi wilayani, weka hiyo kwenye bajeti.

Vifaa. Watu wa pwani kitu cha kwanza tunawaza boriti za mikoko, mkandaa, mkoko, muia, ni ngumu na mchwa hawaziwezi. Lakini mikoko inalindwa, huwezi kwenda kukata tu, kibali ni cha TFS, wakala wa misitu, na ile iliyopo mbele ya kijiji chako ndo inayozuia bahari isije kwako na ndo kamba na samaki wadogo wanakokulia. Sisi tukachukua nguzo za mvinje kutoka shamba la mtu, tukazipaka oili chafu sehemu inayoingia ardhini kwa sababu hatukuwa na kingine. Saivi nashauri ukipata nguzo zilizotiwa dawa kiwandani nunua hizo, ile oili inachafua mchanga na haizuii mchwa kwa muda mrefu, tumeshabadilisha nguzo mbili.

Paa tulibishana sana. Vijana walitaka bati. Babu akakataa, na sasa naelewa kwa nini, bati chini yake mchana ni tanuri, mbao inakauka vile vile kama juani, na upepo wa chumvi unalila haraka hasa kwenye misumari. Makuti ya viungo yanapumua. Angalia tu usiuziwe makuti ya kumba ukaambiwa ni ya kuezekea, ya kumba ni ya uzio na kukinga upepo pembeni. Na paa la makuti liwe na mwinamo mkali, likilala lala mvua inakaa inayaozesha ndani ya misimu michache. Tulifunga pau na fito kwa kamba za makumbi, misumari tulitumia sehemu chache tu.

Kwa wanaotaka hesabu, nguzo, pau na fito laki 9, makuti laki 7, fundi na wasaidizi laki 5, usafiri na chakula cha siku za kazi laki 2 na elfu 30, pipa la maji na stendi ya mashine laki 1 na nusu, cheni, kufuli na waya laki 1 na elfu 20. Milioni 2 na laki 6 jumla. Linganisha na ile milioni 1 na laki 6 iliyotoka bila kujenga chochote.

Ukubwa usipime boti tu. Boti yetu ina mita 7 na banda lina mita 11 kwa 7, tulitaka boti na dau vilale sambamba na bado mtu apite pande zote akiwa na nyundo mkononi. Mbele inaangalia bahari na iko wazi. Pembeni tumeziba nusu tu kwa chini, juu upepo unapita. Kwa nyuma kuna chumba kidogo cha mbao chenye kufuli, humo ndo mashine inakaa, imesimama kwenye stendi, hailazwi tena.

Petroli HAIKAI humo. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hili ni la roho za watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni na kujikusanya, cheche moja na lile paa la makuti hamtapata muda wa kutoa hata kasia. Madumu yana kibanda chake mbali, chenye kivuli na hewa. Jiko pia haliruhusiwi, hata la kukaangia samaki. Kina mama wanaokaanga walikasirika maana ndo kivuli pekee pale ufukweni, na walikuwa na haki ya kukasirika, kwa hiyo tuliwajengea kibanda chao upande ambao upepo hauleti cheche kwetu. Kama una diko lenye mama lishe wawazie toka mwanzo, usisubiri ugomvi.

Sasa niseme kuhusu kazi za banda, maana mimi mwenyewe nilikuwa najua ni la kuweka boti basi. Siku ya kwanza tulisoma dua, tukapika ubwabwa, tukapandisha dau na babu akaanza kulikalafati upya. Nilikaa naye mchana mzima. Anachukua pamba, anaichovya kwenye mafuta ya nazi, anaisokota katikati ya viganja mpaka inakuwa uzi mnene, anaulaza kwenye ungio, alafu patasi butu na nyundo ya mbao, tu tu tu, anasogea. Sikio lake lilikuwa kwenye ile sauti. Mwanzo inatoka nzito yenye uwazi ndani, akiendelea kupiga inakaza, inakuwa kavu na nyembamba, hapo anasogea mbele. Pale sauti ilipokataa kukaza alisimama, akagonga taruma, ule ubavu wa ndani wa chombo, lililo nyuma yake, akasema hili limeoza, na kweli walivyolitoa lilikatika kwa mkono. Kule juani asingelisikia, alisema, maana juani mtu anafanya haraka akimbilie kivuli. Alimaliza kwa deheni, ile chokaa iliyochanganywa na shahamu, akalipaka chini yote kuzuia wale wadudu wa baharini wanaokula mbao. Vijana wetu wawili wamejifunza kwake na sasa vyombo vya majirani vinaletwa kwetu, mwenye chombo analipa siku za kulala na fundi analipwa ya kwake.

Mashine inasuuzwa kila ikirudi, haijalishi saa ngapi. Pipa lipo pale pale, inashushwa kwenye pipa la maji baridi inawashwa mpaka tundu irushe maji kwa nguvu, alafu mafuta yaliyomo kwenye kabureta yanaachwa yaishe, inafutwa, inarudi kwenye stendi. Kuna daftari kwenye kamba, anayesuuza anasaini. Toka tuanze daftari mashine haijafunguliwa tena zaidi ya plagi na oili ya gia.

Nyavu zinaning'inizwa kwenye waya mbali na nguzo, kwa sababu ya panya. Ukirundika wavu chini utaukuta umetobolewa kila sehemu iliyobaki na harufu ya samaki. Majaketi okozi nayo yanataka kivuli, jua linakula kile kitambaa mpaka mishono inaachia, na TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, wakija kukagua wanavuta mkanda kuona kama unashika. Zaidi ya ukaguzi mimi naona faida nyingine, yakiwa yamening'inia njiani kijana anachukua akipita, yakiwa nyumbani kwa katibu hakuna anayeyafuata.

Ila kilichobadilisha kikundi chetu ni mwani. Masika ikianza sisi wanawake tunateseka, mwani unatoka majini uko vizuri, unaanikwa, mvua inapiga, unapauka, unaoza, mnunuzi anaukataa au anakupa bei ya kukuonea. Nikaomba tuweke chanja za kuanikia ndani ya banda, kule pembeni ambapo upepo unapita. Wanaume wakakataa. Mwani unanuka, utaleta nzi, hapa ni pa boti. Kuna mmoja alisema wanawake watalimiliki banda tutakosa pa kukaa. Iliniuma sana maana jasho la michango ya lile banda ni letu pia, na mimi ndo niliyekuwa natembea nyumba kwa nyumba kukusanya. Tulifika mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Tukapewa upande mmoja kwa majaribio ya msimu mmoja.

Msimu huo kusi ilikuja kali, boti ikakaa karibu mwezi mzima haijatoka. Mwani chini ya paa unachelewa kukauka kuliko juani lakini ukiugeuza geuza upepo unaumaliza, na ulikauka msafi. Marejesho ya mwezi ule yalilipwa na mwani. Na ya mwezi uliofuata nusu yake pia. Nilisoma hesabu kwenye kikao, sikuongeza neno, na tangu hapo hakuna aliyegusa chanja zetu, na yule aliyesema tutalimiliki banda ndo alitengeneza chanja za pili.

Hii ndo sababu nasema banda liingie kwenye andiko la mradi kama mtaji, sio kama mapambo. Boti inaingiza hela ikiwa majini tu. Banda linaingiza hata boti ikiwa imelala. Wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ugenini kwa msimu, wanaotoka Pemba wakija wanahifadhi nyavu na mashine zao kwetu kwa malipo, mnada wa asubuhi unafanyika mbele ya banda badala ya juani kwa hiyo samaki hawaharibiki haraka na wanunuzi wanakaa muda mrefu, BMU wanakutania hapo. Sio hela kubwa kubwa, ni ndogo ndogo, ila zinakuja miezi ambayo baharini hakuna kitu.

Mwezi wa tano 2024 kikaja kimbunga Hidaya. TMA walianza kutangaza siku kadhaa kabla, mikoa yote ya pwani kuanzia Mtwara mpaka Tanga na visiwani. Kuna waliosema ni maneno ya redio. Sisi tulitoa mashine na nyavu zote tukapeleka shuleni, tukapandisha boti na dau mpaka mwisho wa banda, tukajaza boti maji mpaka nusu iwe nzito, tukafunga kwa kamba kwenye minazi na sio kwenye nguzo za banda, maana nguzo zikiondoka zisiondoke na chombo. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasikia bahari ndani ya nyumba. Kimbunga chenyewe kilitua kule Mafia kwa hiyo sisi tulipata pembe yake tu, upepo na mvua na mawimbi. Asubuhi makuti ya upande wa baharini yalikuwa yametapakaa mpaka barabarani lakini nguzo zote zimesimama. Babu alisema ni kwa sababu pembeni pako wazi, upepo umeingia umetoka, tungeziba mpaka juu lingeruka zima. Kuezeka upya upande ule laki 2, na tulikuwa nazo kwa sababu kila mwezi tunatenga kidogo kwa ajili ya makuti tu, akaunti yake peke yake na haikopeshwi hata kwa ugonjwa. Hili lilinigombanisha na watu lakini sitalibadilisha.

Kitu kingine, taa. Fukwe za Pangani kasa wanapanda kutaga, na mwanga mkali unaoelekea baharini unawafukuza mama na unawapoteza watoto wakianguliwa, badala ya kwenda majini wanafuata taa. Taa yetu ya sola tumeigeuzia ndani na juu tumeikinga na kipande cha dumu. Mlinzi anaona vizuri tu. Na mlinzi mlipeni kila mwezi kwa hela, msimlipe kwa samaki, siku samaki hakuna na mlinzi hayupo, na hiyo ndo siku mashine zote zipo ndani.

Funguo za chumba ziwe kwa watu wawili, mmoja wa baharini na mmoja wa mwani. Sisi moja ninayo mimi.

Saivi ufukwe wetu umeliwa kidogo tangu tulipojenga, mstari wa maji umesogea na nguzo mbili za mbele zinabaki karibu sana na povu la bamvua. Tumekubaliana kuzirudisha nyuma kabla ya bamvua la mwezi wa tatu, na kwa sababu hatukuweka zege ni kazi ya siku chache na bei ya makuti machache. Tukishafungua tutaongeza na upana wa upande wa mwani, nguzo za dawa nimeshaulizia bei Tanga mjini, na safari hii hela ya nusu inatoka kwenye mfuko wa chanja.